Siku Kilo Mia Ziliponiacha Nimechuchumaa kwa Mama Mkwe

Afadhali niseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Kibondo, maana kule wanaisimulia mpaka leo na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake. Ni kweli. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, mwenye mashine mbili za kusaga hapa Kasulu na gari la mizigo lililolipiwa lote, nilichuchumaa kumsalimia mama mkwe wangu mbele ya wageni wa posa, nikashindwa kuinuka. Sisemi nilichelewa kuinuka, jamani, nasema nilishindwa, nikabaki pale chini katikati ya ua kama chura aliyesahau anakokwenda, na aibu niliyoipata siku ile ukiigawa kwa watu wote waliokuwepo kila mmoja angerudi kwao na fungu lake la kutosha.

Kwanza mnielewe mimi ni nani, ili muelewe ukubwa wa anguko. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza maisha kwa kubeba magunia sokoni Kibondo, kwa kichwa na mgongo huu huu, na nilipopeleka posa kwa akina Editha (ndiye mke wangu, mama wa Sara na wenzake wanne) familia nzima iliniangalia kama mtu aliyekosea njia, kwa sababu wale ni watu wa shule, marehemu baba mkwe alikuwa mwalimu na kaka yao Filbati naye ni mwalimu, tena mwalimu wa yale masomo ya kuandika ubao mzima bila jibu kutokea. Walinipa mke, ndiyo, lakini kwa miaka ishirini na mbili kwenye shughuli zao kazi yangu ilikuwa kuleta unga na gari. Mazungumzo aliongea Filbati. Mimi nilikuwa nikifungua mdomo yeye anatabasamu na kusema, "Shemeji wa magunia naye ana neno," watu wanacheka, nami nacheka nao huku meno yanauma.

Sasa, kuhusu vyuma. Nyuma ya stendi hapa Kasulu kuna afande mmoja mstaafu wa magereza, tunamwita Afande Sila, amefungua jimu kwenye banda la mabati, kuna benchi mbili, kioo kimoja kilichopasuka, na vyuma vya kweli kabisa alivyovitoa Mwanza. Mwaka juzi daktari aliniambia unga nilionao tumboni unazidi unga ulioko mashineni, nikaenda. Siku ya kwanza nilijua nitawaonyesha, mtu niliyebeba magunia ujana wote, nikamwambia Afande anitilie sahani nne za chuma za kuanzia. Afande akanitazama tumbo, akanitazama magoti, akaniwekea chuma kitupu mabegani, kilo ishirini, akasema, "Chuchumaa, mzee. Mara tano." Ya tatu nilitoa sauti ambayo siwezi kuiandika hapa. Kulikuwa na vijana wawili wa bodaboda pembeni, walicheka mpaka mmoja akaegemea ukuta.

Lakini mimi ukinicheka umenitia mafuta. Afande alikuwa na utaratibu wake ambao ni mtamu kwa mtu mwenye akili ya biashara: kila wiki unaongeza kilo mbili na nusu, basi, hutakiwi kuruka wala kufanya papara, wiki hii ishirini na mbili na nusu, wiki ijayo ishirini na tano, unashuka mara tano, unapumzika, raundi tatu, unakwenda nyumbani kula maharage. Nikawa naandika kwa chaki kwenye ukuta wa mashine, pale juu ya swichi, kila Alhamisi namba mpya, na wateja wanaosubiri kusagiwa wanauliza, "Bwana Mashine, leo ngapi?" nami nawajibu kama natangaza matokeo ya uchaguzi. Hamsini. Sitini na mbili na nusu. Themanini! Kina mama wakaanza kushangilia, kuna mmoja aliacha debe lake la mahindi anipigie vigelegele. Tumbo likarudi ndani, suruali nikazipeleka kwa fundi kupunguzwa, na miguu yangu, niseme tu, ilikuwa miguu. Nilikuwa nikipita mbele ya kioo cha Afande nageuka kidogo kuiangalia. (Mke wangu anasema sikugeuka kidogo. Msimsikilize.)

Basi ndipo likaja jambo la Oliva. Oliva ni mdogo wa mke wangu, muuguzi pale Kibondo, ana miaka thelathini na minne, na miaka mitatu nyuma aliwahi kuposwa, wageni wakaja, Filbati akawahutubia saa nzima na kuwasahihisha Kiswahili, wakaondoka na barua yao mfukoni na hawakurudi tena. Safari hii kuna mwanaume mpole, aliyefiwa na mke, mkulima wa Kasanda, wanapendana kweli, na Oliva mwenyewe akasema mbele ya mama yake kwamba anayetaka kumpokelea wageni ni mimi. Mimi! Shemeji wa magunia nisimame mahali pa marehemu mwalimu! Alinipigia simu, akaniambia, "Shemeji, wewe unajua kuongea na watu. Ya Filbati unayakumbuka. Tafadhali usiniharibie, sidhani kama nitapata mwingine nitakayempenda hivi." Nikamwambia lala usingizi mama, umempata mwanaume.

Wageni walikuwa waje Jumamosi. Na Alhamisi ya wiki ile, angalieni mambo yanavyopangika, ndiyo ilikuwa siku yangu ya kilo mia.

Nilizichukua, jamani. Nilishuka mpaka chini, nikapanda mpaka juu, Afande akapiga saluti. Akaniambia, "Hongera, mzee. Sasa vaa shati uende nyumbani, una safari." Na mimi nilivaa shati, nawaapia, mkono mmoja ulikuwa tayari ndani ya shati, wakati wale vijana wawili wa bodaboda walipoingia. Walikuwa hawajaziona kilo mia. Sasa mtu unafanyaje? Ukiwaambia tu watasema mzee anajisifu. Nikaona nifanye kitu kidogo tu, cha dakika mbili. Nikavua shati, nikachukua chuma cha kilo sitini mabegani, nikaanza ile ya kutembea kwa hatua ndefu, goti la nyuma linashuka mpaka linabusu vumbi, unainuka, mguu mwingine, toka mlango wa banda mpaka kwenye pipa la maji na kurudi. Nilikuwa sijawahi kuifanya, nilikuwa nimeiona tu kwenye simu. Afande akasema, "Mzee, hiyo utaijua kesho kutwa." Vijana wakasema, "Mzee wa kazi! Tena!" Nikarudia. Wakapiga makofi. Nikarudia tena. Nilikwenda na kurudi mara sita, na nilipoweka chuma chini nilijisikia mwepesi, nimefurahi, nikawanunulia soda.

Sasa hapa ndipo utajiri wangu uliponiponza, na hili nalisema bila kujisifu. Kwangu mimi kitanda ni kirefu kwenda juu, unakishukia kama ngazi. Choo ni cha kukaa, nilikijenga mwenyewe na kigae cha buluu. Sofa ni za kukaa, gari ni la kukaa. Ijumaa nikaamka miguu inauma, nikasema ni kawaida. Jumamosi asubuhi ilikuwa siyo maumivu tena, ilikuwa kama mtu amenimwagia zege kwenye mapaja usiku na limeshika, lakini kwa kuwa kila kitu nyumbani kwangu ni cha kukaa juu juu, sikupata hata mara moja nafasi ya kujua kwamba kuchuchumaa nimeshanyang'anywa. Editha aliniona natembea kwenda kwenye gari akaniuliza, "Baba Sara, mbona unatembea kama bata anayetafuta pa kutagia?" Nikamwambia huo ni mwendo wa mtu mwenye misuli. Tukapita lami mpaka Kibondo, saa zote hizo miguu imekunjwa kwenye kiti, na kibaridi cha asubuhi mnakijua, zege likazidi kukauka.

Tulifika tumechelewa kidogo, wageni wako tayari chini ya turubai, kama watu tisa hivi, na mbele yao mzee mmoja mwembamba mwenye koti la kahawia na fimbo, ndiye msemaji wa upande wa mwanaume, Mzee Ntabaye kutoka Kasanda. Filbati amekaa pembeni, miguu amekunja nne, ananisubiri nikosee. Nikasalimia wanaume mmoja mmoja kwa mkono, nikibana kidogo ili wajue, na Mzee Ntabaye akaniambia, "Ehee, mkono huu ni wa mtu wa kazi." Hapo ningesema asante nikanyamaza. Lakini nani anyamaze? Nikasema, "Mzee, Alhamisi tu hii nimenyanyua kilo mia. Kwa miguu hii unayoiona. Nyumba uliyokuja ni nyumba yenye watu imara." Wageni wakapeana macho ya kuridhika. Mzee Ntabaye alikuwa na barua ya posa mkononi, bahasha nyeupe yenye utepe, ameilaza juu ya fimbo. Nikaona mambo yanakwenda.

Ndipo mama mkwe akatoka ndani.

Kwa wasiotoka kwetu niwaeleze kidogo. Ukoo ule una salamu zake, na mkwe wa kiume hamsalimii mama mkwe akiwa wima kama nguzo ya umeme. Unasogea mpaka hatua chache kutoka kwake, unachuchumaa, macho unayapeleka pembeni, unapiga makofi taratibu, na salamu zinaanza, naye anaitikia na kukuuliza watoto, mifugo, mashamba, mpaka amalize. Akimaliza unainuka mwenyewe, bila kushika ardhi, bila kushikwa na mtu. Na kuna jambo moja ambalo kila mtu pale analijua: mkwe akibaki chini baada ya salamu kwisha, maana yake amekosa. Ana jambo zito, na haondoki pale mpaka aliseme asamehewe. Mkwe mmoja wa zamani wa ukoo huo, wanasema, alibaki chini toka asubuhi mpaka jua la saa nane kwa ajili ya ng'ombe.

Nikachuchumaa. Kushuka hakukuwa na tatizo hata kidogo, nilishuka kama ndoo kwenye kisima, tena nilisikia kitu kimelia "kwaa!" kwenye paja la kulia. Nikapiga makofi. "Mwakeye, mama." Mama mkwe akaitikia kwa ile sauti yake ya kuimba, akauliza watoto, nikajibu, akauliza mashine, nikajibu, akauliza mvua za Kasulu, nikajibu, akasema, "Ego, ndiyo, tumshukuru Mungu." Hapo zimekwisha. Hapo ndipo unainuka.

Nikaiambia miguu inuka. Miguu ikaniambia nani?

Nikajaribu tena, kimya kimya, uso umetulia, nikivuta pumzi vile Afande alivyonifundisha, nikasukuma. Kilichotikisika ni mashavu tu. Nikaona bora ninunue muda. Nikapiga makofi upya, nikasema, "Na kuku, mama, hawajambo?" Mama mkwe akashangaa lakini ni mtu wa adabu, akasema kuku hawajambo. Nikauliza jirani yake wa juu. Hajambo. Nikauliza jirani wa chini. Akasema, "Huyo tulimzika mwaka jana, mwanangu, wewe ndiye ulileta gari." Nikasema poleni. Nikauliza migomba. Nyuma yangu nikasikia mgeni mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Huyu anamsalimia mpaka majani?"

Kisha kukatulia. Kimya kile sitakisahau. Hata kuku mwenyewe niliyemuulizia alisimama mguu mmoja ananiangalia.

Filbati ndiye aliyekivunja. Akakunjua miguu, akasema kwa sauti ya darasani, "Naona shemeji hainuki. Shemeji ana jambo."

"Sina jambo," nikasema.

"Basi inuka."

Sasa niambieni, ningesemaje? Nimetoka kumwambia mzee wa watu kilo mia, haijapita hata robo saa, kwa miguu hii unayoiona! Nikanyamaza. Na kunyamaza kule kukawa kama nimekiri. Mama mkwe akajishika kifua. Mke wangu akasogea karibu, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini lakini ya chuma, "Baba Sara. Umeoa?"

"Sijaoa!"

"Una mtoto nje?"

"Editha, nakuomba, sina mtoto nje."

"Mbona unatetemeka?" (Nilikuwa natetemeka kweli, ni mapaja, lakini tetemeko la mapaja na la dhamira ukiliangalia kwa nje ni lile lile.)

Mzee Ntabaye akakohoa. Akasema, "Ndugu zangu, sisi tumekuja kwa jambo la heri. Sasa tunamwona msemaji wenu, aliyetakiwa atupokee, yuko chini anaomba msamaha na hataki kusema ni wa nini. Kama kuna jambo kuhusu binti, ni vizuri tukaambiwa kabla barua haijatoka mkononi." Na bahasha ile, niliiona kwa pembe ya jicho, ikaanza safari yake, kutoka kwenye fimbo kwenda kwenye koti.

Mjue wakati huo wote Oliva yuko ndani, nyuma ya pazia la dirisha, anasikia kila neno.

Nikapata wazo, na ndilo lililozidi kunizamisha. Nikasema, kama ni kosa wanalolitaka niwape kosa, dogo, la haraka, nisamehewe, huenda kwa shangwe ya kusamehewa miguu nayo itaamka. Nikapiga makofi, nikasema, "Mama, naomba unisamehe. Pasaka sikuja kukuona. Nilisema gari bovu. Gari lilikuwa zima, nilikwenda jimu."

Ua mzima ukashusha pumzi. Mama mkwe karibu alie kwa furaha. "Ni hilo tu, mwanangu? Nimekusamehe! Inuka!"

Sikuinuka.

"Amekusamehe," akasema Filbati. "Kwa hiyo hilo silo."

"Liko lingine," akasema mgeni mmoja, na nikasikia viti vya plastiki vinasogezwa mbele ili watu wasikie vizuri.

Hapo nikachanganyikiwa, nikatoa la kweli ambalo nilipanga kufa nalo. Nikasema, "Mama, yule mbuzi wa marehemu mzee. Yule beberu mweusi aliyenipa nimtunzie mwaka ule wa kwanza, nikasema ameibiwa. Hakuibiwa. Nilimla. Nilimla mimi na watu wa sokoni, Sikukuu."

"Yoo!" akapiga kelele shangazi mmoja wa ndani, maana kumbe yule mbuzi aliwahi kusababisha kesi na jirani asiye na hatia. Mama mkwe akasema polepole kwamba mzee mwenyewe alijua, alikuta ngozi, akacheka, akasema kijana ana njaa na binti yangu hatalala njaa kwake. "Nimekusamehe na hilo. Inuka, mwanangu, wageni wanangoja."

Na mimi bado niko chini! Macho yananitoka, jasho linashuka mpaka kwenye viatu, na kila nikibaki kosa linakua. Nikasikia mtu anasema, "Kama mbuzi silo, basi ni mtu." Mwingine akasema, "Ameua?" Editha akaanza kufungua kitenge na kukifunga upya kiunoni, na wanaomjua mke wangu wanajua hiyo ni dalili gani. Na Mzee Ntabaye akasimama. Akasimama kwa upole kabisa, bahasha imeshaingia yote kwenye koti, akasema, "Tutarudi siku nyingine, mkishamalizana." Ile siku nyingine tuliijua sote, ilishawahi kutajwa kwenye ua ule ule miaka mitatu iliyopita.

Pazia likasogea. Nikamwona Oliva. Hakuwa analia, afadhali angelia, alikuwa ananiangalia tu kama mtu anayeangalia basi lake likiondoka.

Jamani, mimi napenda sifa. Nazipenda kuliko ugali. Lakini nilipoyaona yale macho nilipaza sauti mpaka barabarani wakasikia:

"Ni miguu! Sina kosa, sijaoa, sijaua, binti hana tatizo lolote, ni miguu imegoma! Nimeshuka siwezi kupanda!"

Wakaniangalia. Mzee Ntabaye akageuka taratibu. "Si ulisema kilo mia?"

"Ndizo hizo! Ndizo zilizonifanya hivi!"

"Anadanganya," akasema Filbati. "Mtu wa kilo mia anashindwaje kujiinua mwenyewe?"

"Njoo unisukume uone," nikamwambia, na ilikuwa hasira tu, lakini yeye akaja kweli, akanigusa begani kwa kidole kimoja, kidole kimoja cha kushikia chaki, na mimi nikaenda. Nilikwenda chali kama gunia lililokatika kamba, miguu ikabaki vilevile imekunjwa, inaangalia mbinguni, siwezi kuinyoosha wala kuisogeza, suti mpya, tai, na vumbi jekundu la Kibondo hadi masikioni.

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Sijawahi kumsikia akicheka kwa sauti miaka ishirini na mbili, alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Halafu Mzee Ntabaye, fimbo ikamdondoka, akashikwa na wenzake, "Kilo mia! Mama yangu, kilo mia!" Wakaja wanne wa upande wa mwanaume kuninyanyua, wawili kwapani na wawili kwenye miguu, wanahesabu moja mbili tatu huku wanacheka, mara ya kwanza nguvu zikawaishia kwa kicheko wakanirudisha chini, mara ya pili wakaniweka kwenye kiti. Nilikuwa nimekaa kama sanamu, nywele zina nyasi.

Mama mkwe akafuta machozi na ncha ya kitenge, akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Sasa mwanangu, hizo kilo mia ulikuwa unazitoa wapi kuzipeleka wapi?"

"Siendi nazo popote, mama. Nazichukua, nachuchumaa nazo, nainuka, nazirudisha pale pale."

Akafikiri. "Ni za nani?"

"Za Afande."

"Naye ndiye anakulipa?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye namlipa."

Akatazama wageni, akatazama mke wangu, akasema, "Editha, humu ndani kuna mtama wa kusogeza toka ghala la nyuma mpaka la mbele, na ni bure kabisa," na hapo shughuli ikabomoka upya, wageni wanapiga mapaja yao (mapaja yao mazima, yasiyouma), shangazi amelala kwenye mkeka.

Na Mzee Ntabaye, akiwa bado anahema, akaingiza mkono kwenye koti akaitoa ile bahasha. Alisema maneno ambayo mimi nayashika mpaka leo. Alisema, "Nimepeleka barua nyumba nyingi. Kote unakuta msemaji amejipaka mafuta, anaficha hata kikohozi cha bibi. Hapa nimekuta mtu kwa saa moja ametoa Pasaka, ametoa mbuzi, na ametoa miguu. Nyumba hii haina kitu kilichobaki cha kuficha. Shikeni." Akaiweka barua magotini mwangu kwa sababu aliona siwezi kuinuka kuipokea. Nikaijibu nikiwa nimekaa, neno kwa neno, bila kusahihishwa na mtu, na Filbati alipofungua mdomo mama yake alimwambia, "Wewe kimya, mwenye nyumba anaongea." Mwenye nyumba! Niliisikia hiyo kwa masikio yangu mawili yenye vumbi.

Oliva aliolewa. Wako Kasanda, wana mtoto mmoja, na yule mwanaume kila akiniona anaangalia pembeni anabana midomo, namwambia cheka tu bwana usije ukapasuka. Yule beberu nililipa, nilipeleka wawili, mmoja wa deni na mmoja wa muda. Vyuma sijaacha, nani aache, ukutani kwangu sasa hivi pameandikwa mia moja na kumi na mbili na nusu, kwa chaki nene, mje mwone. Lakini nimeweka nadhiri, na mashahidi wangu ni mke wangu na mapaja yangu: siku saba kabla ya kwenda kwa wakwe siongezi kilo, sitembei hatua ndefu hata kama anaangalia rais, na asubuhi ya safari nachuchumaa mara tatu pembeni ya kitanda, mbele ya Editha, anahesabu, na nikishindwa hata moja safari imeahirishwa na ukweli unapelekwa kwa simu.

Ingawa siku hizi sijui kama inasaidia. Nikifika Kibondo, kabla sijafunga hata mlango wa gari, mama mkwe anakuwa ameshatoka na kiti cha plastiki, anakifuta kwa kitenge chake, anakiweka katikati ya ua mbele ya watu wote na kusema, "Kaa, mwanangu, usijisumbue." Katika ukoo ule mzima ni mimi peke yangu mkwe ninayemsalimia mama mkwe nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nawaambia watu ni heshima.